Mashauri kwa Jamaa: «Ni Ua Tu, Mama»



Juma lililopita, baada ya Misa ya kwanza, alitujia mama mmoja wa hapa Goma. Mkononi alishika kikaratasi kilichokunjwa, akakifungua mbele yetu polepole, kama mtu aoneshaye jeraha. Ndani yake mlikuwa na kitu kikavu, cha rangi ya majani yaliyofifia, chenye kunata vidoleni na chenye harufu kali. Alikikuta katika mfuko wa vitabu wa mwanawe, kijana wa miaka 16 anayesoma shule ya sekondari.

Alipomwuliza, kijana hakukana. Alijibu kwa upole: «Ni ua tu, mama. Mungu mwenyewe ndiye aliyeliumba. Tena ni dawa, na huko Canada serikali imeliruhusu.»

Mama hakuwa na la kujibu. Mwanawe amesoma kumpita, naye aliona haya kubishana naye juu ya mambo asiyoyajua. Basi alituuliza maswali mawili. La kwanza: maneno ya mtoto ni kweli? La pili: «Sasa nifanye nini? Nimpige, nimfukuze, nimpeleke polisi, ama ninyamaze?»

Twajua ya kuwa si yeye peke yake aulizaye hivyo katika mji wetu. Kwa hiyo leo twataka kueleza habari za ua hilo tangu mwanzo, kama kumwelezea mtu asiyelijua kabisa. Wala hatutamtisha mtu kwa hadithi za uongo. Kijana akigundua kwamba tumemdanganya katika neno moja, hatatusadiki katika neno la pili, hata likiwa la kweli.

1. Ni ua gani?

Kitu alichokikuta mama ni ua la bangi lililokaushwa. Bangi ni mmea wa mwaka mmoja: huota, huchanua, huzaa mbegu na kufa. Waweza kumpita mtu kwa urefu. Jani lake limegawanyika kama vidole vya mkono, mara nyingi vitano ama saba, na kando zake zina meno kama ya msumeno.

Katika mimea mingi, ua moja lina sehemu ya kiume na ya kike pamoja. Bangi siyo hivyo. Kwa kawaida mmea mmoja ni dume na mwingine ni jike, kama ilivyo kwa mipapai. Dume hutoa unga mwepesi unaochukuliwa na upepo. Jike hukusanya maua yake penye ncha za matawi, yakishikamana kama kishada. Maua hayo hayana rangi za kupendeza, maana hayahitaji kuwaita nyuki, upepo wawatosha.

Juu ya kishada hicho cha jike mna vinywele vidogo mno, kila kimoja na kichwa chake kama uyoga mdogo. Ndani ya vichwa hivyo mna ulimbo. Ndio uletao ule mnato na sehemu kubwa ya harufu, na ndio unaotafutwa na wavutaji. Wataalamu wamekwisha kuhesabu humo zaidi ya vitu 100 vya namna moja. Viwili vyajulikana kuliko vyote. Cha kwanza huitwa THC, nacho ndicho kileweshacho. Cha pili huitwa kanabidioli, nacho hakilewi mtu. Mwaka 1964 wataalamu wawili wa Israeli, Yechiel Gaoni na Raphael Mechoulam, waliitenga THC peke yake na kueleza jinsi ilivyoundwa. Katika ua bichi nguvu hiyo bado imefungwa. Moto ndio uifunguao. Ndiyo sababu watu huvuta ua hilo, ama hulipika.

Je, moshi wa ua wawezaje kumgeuza mtu akili? Jibu lilipatikana baadaye. Katika ubongo mna mahali palipo kama tundu la ufunguo, na mwili wenyewe hutengeneza ufunguo wake. Mwaka 1992 ufunguo huo ulipatikana ukapewa jina la anandamidi, kutokana na neno la Kisanskrit lenye maana ya furaha. Mwili huutumia kidogo kidogo, mahali pake na kwa saa yake, katika kumbukumbu, hamu ya chakula, maumivu na hofu. THC hufanana na ufunguo huo, lakini huingia kila mahali kwa pamoja na kukaa muda mrefu. Ni kama mtu aliyepanda mnarani usiku akaipiga kengele ovyo mpaka asubuhi. Kengele ni ile ile, lakini watu hawajui tena saa ya Misa wala saa ya kulala.

2. Imetoka wapi?

Bangi si mmea wa kwetu tangu asili. Ilitoka Asia. Katika milima ya Pamir, upande wa magharibi wa China, wachimbaji walikuta makaburi ya miaka 2,500 hivi iliyopita yenye vyetezo vya mti; mwaka 2019 wataalamu walitangaza kwamba ndani yake mlikuwa na mabaki ya bangi iliyochomwa penye maziko. Jina «bangi» lenyewe latoka India, nalo lilivuka bahari pamoja na mmea katika biashara ya pwani zetu. Huko Ethiopia vilipatikana vichwa vya viko vya karne ya 14 vyenye mabaki yake. Leo Wanyarwanda huiita urumogi, watu wa Kasai na Kinshasa huiita diamba, na Afrika ya Kusini huiita dagga.

Katika nchi yetu ya Kongo kuna habari moja inayostahili kukumbukwa. Mwaka 1881 Wajerumani wawili, Hermann von Wissmann na Paul Pogge, walifika Kasai kwa mtemi Kalamba Mukenge. Walikuta watu wake wakijiita Bena Diamba, yaani wana wa bangi. Walikuwa wamechoma dawa zao za zamani, wamekatazana silaha vijijini, nao walivuta pamoja katika vibuyu vikubwa kama alama ya urafiki. Twaona basi kwamba watu hao walitafuta jambo jema, yaani amani. Lakini Wissmann aliandika pia kwamba mkosaji aliadhibiwa kwa kuvutishwa bangi hiyo hiyo mpaka akaanguka bila fahamu. Kitu kilekile kilikuwa karamu na adhabu. Tofauti ilikuwa kipimo tu. Neno hilo msilisahau, maana tutalirudia.

Serikali ya Leopold II iliikataza bangi kwa sheria mwaka 1903, na katika Kongo haijaruhusiwa tangu hapo. Mwaka 1925 mataifa yaliyokutana Geneva yaliitia katika mapatano yao ya madawa ya kulevya, na mwaka 1961 yalithibitisha hivyo katika mkataba mmoja mkubwa.

3. «Mungu ndiye aliyeliumba»

Neno hili la kijana ni kweli. Lakini halijamaliza habari. Mungu aliumba pia muhogo mchungu, nao watulisha Kongo nzima. Hata hivyo hakuna mama aulaye kabla ya kuuloweka, kuuanika na kuusaga. Katika sehemu za Bandundu, wakati wa njaa, watu waliofupisha kazi hiyo waliugua konzo, ugonjwa unaopooza miguu pasipo kurudi. Kosa halikuwa la muhogo, wala la Muumba. Lilikuwa la kutojua, ama la kulazimishwa na njaa.

Tuchukue mfano wa karibu zaidi. Katika milima ya Kivu yetu twalima mikinkina, ambayo magome yake hutoa kinini, dawa ya malaria. Ni mti wa Mungu, tena umeokoa watu wengi mno. Lakini nani kati yenu humpa mtoto magome hayo ayatafune apendavyo? Kinini kikizidi, masikio huvuma na macho huingia giza, hata moyo waweza kusimama. Ndiyo maana tangu 1820, Wafaransa wawili walipokitenga kinini, waganga wamekipima kwa uzani.

Basi, kusema «ni ua» si kusema «ni salama». Aliyeumba ua ametupa pia akili ya kulichunguza.

4. «Tena ni dawa»

Hapa nako kijana hakukosa kabisa, na mzazi asikatae ovyo. Vitu vilivyotokana na bangi vimekwisha kuingia katika dawa za hospitali. Tangu 1985, huko Marekani, vidonge vyenye THC iliyotengenezwa viwandani vimewasaidia wagonjwa wa kansa wanaotapika kwa sababu ya matibabu yao. Mwaka 2018 dawa ya maji ya kanabidioli iliruhusiwa huko kwa watoto wenye namna mbili za kifafa kilicho kikali sana. Tarehe 2 Desemba 2020 tume ya Umoja wa Mataifa, kwa kura 27 dhidi ya 25, iliiondoa bangi katika orodha ya madawa yaliyohesabiwa kuwa ya hatari mno na yasiyo na faida kwa uganga. Lakini iliiacha bado chini ya ulinzi wa mkataba.

Lakini tazameni tofauti. Dawa ya hospitali imepimwa. Daktari ajua kiasi chake, naye humfuata mgonjwa. Kikaratasi cha mama yule hakikupimwa na mtu. Hakuna ajuaye nguvu yake, wala kama kimeota ukungu, wala kama kimechanganywa na kitu kingine. Tena mwanawe hana kansa wala kifafa. Kumeza dawa ya ugonjwa ambao huna si kujitibu.

5. «Canada imeliruhusu»

Ni kweli. Uruguay ilitangulia mwaka 2013, Canada ikafuata tarehe 17 Oktoba 2018, na Ujerumani mwaka 2024 kwa masharti yake. Nchi hizo hazikusema kwamba bangi haidhuru. Ziliona kwamba kuwafunga watu gerezani hakukuzuia, na kwamba afadhali mauzo yaangaliwe na serikali kuliko na majambazi. Kama zilifikiri vyema ama vibaya, wenye hekima bado wanabishana.

Lakini kijana wetu hakusoma sheria ya Canada mpaka mwisho. Ruhusa ni ya watu wazima tu. Mtu akimwuzia ama kumpa bangi kijana wa chini ya miaka 18, sheria hiyo yaweza kumfunga hata miaka 14. Kwa hiyo huko Canada pia kijana huyu wa miaka 16 asingeruhusiwa.

Wala asidhani kwamba akivuka mpaka kwenda Gisenyi atapata uhuru. Rwanda iliruhusu mwaka 2020 kulima bangi kwa ajili ya dawa za kuuza nchi za nje, lakini si kuvuta. Na sheria yake ya 2018 yatoa adhabu nzito mno kwa wauzao madawa ya kulevya, hata kifungo cha maisha. Kijana anayebebeshwa kifurushi kidogo «avushe tu» katika Petite Barrière anacheza na maisha yake yote. Nayo sheria yetu ya kulinda mtoto ya 2009 yakataza kabisa kumtumia mtoto katika biashara hiyo.

Tuongeze neno moja kwa wanafunzi. Bangi ya mikoa yetu haitoki mawinguni. Wachunguzi wa mambo ya Kivu wameitaja miongoni mwa biashara zilizowapa fedha wapiganaji wa FDLR misituni. Faranga zilizotoka mfukoni mwa mwanafunzi huenda zimerudi kijijini kwa bibi yake katika umbo la risasi.

6. Humfanyia nini kijana?

Anayevuta huona mabadiliko katika dakika chache, nayo hudumu saa mbili hata nne. Anayeila katika chakula husubiri nusu saa hata saa mbili. Wengine, wakidhani haifanyi kazi, huongeza, kisha yote huwajia kwa pamoja. Macho huwa mekundu, kinywa hukauka, moyo hupiga mbio, njaa huja. Mtu hucheka bila sababu, saa humwendea polepole, na maneno aliyoyasikia sasa hivi hayakai kichwani. Wengine hupata raha. Wengine hushikwa na hofu kubwa, wakidhani watu wote wanawatafuta.

Mzazi ajue pia kwamba bangi ya siku hizi mara nyingi si ile ya babu. Huko Marekani, bangi iliyokamatwa mwaka 1995 ilikuwa na THC ya sehemu 4 hivi katika 100. Kufika 2014 ilikuwa imepanda mpaka 12 hivi, na sasa maua mengi yanayouzwa huko yamezidi hapo.

Kwa kijana kuna hatari tatu zilizo kubwa kuliko za mtu mzima. Ya kwanza ni masomo. Ubongo haujamaliza kujengwa mpaka karibu na miaka 25, na kumbukumbu ndiyo inayoguswa kwanza. Ya pili ni utumwa. Kati ya watu 10 wanaoionja, mmoja hivi hushindwa kuiacha. Lakini kati ya walioanza wakiwa vijana, ni mmoja katika 6.

Ya tatu ni wazimu. Huko Sweden, vijana 45,570 walioandikwa jeshini waliangaliwa kwa miaka 15, na habari zao zilitangazwa mwaka 1987. Waliokuwa wamevuta zaidi ya mara 50 walipatwa na ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia mara sita kuliko wasiovuta. Tuseme kweli: wengi wa wavutaji hawakuugua, na huenda baadhi yao walikuwa na udhaifu huo tangu kwao. Lakini nani ajua kabla ni mtoto gani aliye na udhaifu huo? Penye jamaa iliyokwisha kuwa na mgonjwa wa akili, kijana asiiguse kamwe. Vivyo hivyo mama mwenye mimba ama anyonyeshaye: THC humfikia mtoto tumboni na katika maziwa, na watoto wengine huzaliwa na uzito mdogo.

7. Basi, mzazi afanye nini?

Usimpige. Kipigo hufundisha kuficha. Usimfukuze. Katika mji wetu twaona jinsi watoto wa barabarani, wale waitwao maibobo, wanavyovuta ili wasahau njaa na baridi ya usiku. Kumfukuza mtoto kwa sababu ya bangi ni kumpeleka penye bangi. Wala usikimbilie polisi kwa kikaratasi kimoja.

Kwanza, ngoja akili yake itulie. Mtu aliyelewa hafundishiki. Akishikwa na hofu, mkalishe mahali patulivu, mpe maji, kaa naye, mwambie kwamba itapita. Akizimia, ama akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii na hali hiyo isiishe siku ya pili, ama mtoto mdogo akila bangi kwa bahati mbaya, nenda hospitali upesi na useme wazi alichokitumia. Kuficha kwa ajili ya haya kwaweza kuua.

Pili, uliza swali moja kabla ya kuhubiri: «Mwanangu, hii yakusaidia nini?» Kisha nyamaza usikilize. Nani alimpa, mara ngapi, na kwa sababu gani: hayo matatu ukiyajua, umepata nusu ya dawa.

Tatu, jueni kwamba aliyezoea akiacha hukasirika upesi, hukosa usingizi na hamu ya chakula, kwa juma moja ama mawili. Si ukaidi; ni mwili unaojirekebisha. Mvumilieni. Mpeni kazi, mchezo, kwaya, na rafiki mwingine.

Nne, ikiwa akili imekwisha kuguswa, msimfunge kamba, wala msimwache miezi katika chumba cha maombi pasipo daktari. Sala na tiba havigombani. Hapa Goma kiko kituo cha Tulizo Letu, kazi ya Frères de la Charité, kwa wagonjwa wa akili. Shirika hilo lilianzishwa na padre Petrus Jozef Triest huko Gent, Ubelgiji, mwaka 1807. Na mwaka 1815 ndugu hao waliwatoa wendawazimu waliofungwa minyororo katika vyumba vya chini vya ngome moja ya mji ule. Ikiwa wao walifungua minyororo miaka 200 iliyopita, si haki sisi tuifunge tena leo.

Wahenga walisema: samaki mkunje angali mbichi. Lakini hata samaki mbichi hakunjwi kwa nyundo.

Mama yule alirudi kwetu siku ya Alhamisi. Alikuwa amefanya kama tulivyomshauri: alingoja jioni, akawalaza wadogo, akauliza lile swali moja. Kijana alikaa kimya kitambo. Kisha akasema kwamba tangu usiku ule wa mwezi wa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, hakuweza kulala vizuri. Kila mlango ukigonga, aliruka. Rafiki mmoja akampa ua, akalala. Na usiku uliofuata akalihitaji tena.

«Miezi yote hiyo,» mama alituambia, «nilidhani mwanangu analala. Tulilala chumba kimoja nami sikujua.»

Hakulia. Alituuliza tu njia ya kwenda kwa mganga wa akili, na saa ya kufunguliwa mlango. Naye kijana, alisema, amekubali kwenda, kwa sharti moja: mama aende pamoja naye.